Bomba linaloziba kila mwezi halitibiwi kwa waya

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA nyumba anayopanga mwandishi wa makala haya, eneo la Sinza jijini Dar es Salaam, fundi bomba hahitaji tena kuelekezwa njia. Anaingia getini, anawaamkia akina mama waliokaa barazani, anatua mfuko wake na kuanza kusukuma waya katika tundu la bafuni kana kwamba yuko kwake. Katika kipindi cha mwaka mmoja amekuja mara 9. Kila mara huchukua shilingi 20,000, maji hushuka kwa kishindo, wapangaji humshukuru, na baada ya wiki 5 au 6 maji ya sabuni huanza tena kusimama miguuni mwa anayeoga.

Hizo ni shilingi 180,000, na tatizo lipo palepale lilipokuwa.

Wasomaji wengi wanaoishi katika nyumba za kupanga, na hata baadhi ya wanaoishi katika nyumba zao wenyewe, wanaifahamu hali hii. Kuziba kwa bomba la majitaka kumechukuliwa kuwa sehemu ya maisha ya mjini, kama foleni za barabarani. Watu huchangishana, humwita fundi, hulaumiana kidogo, kisha husahau hadi mwezi unaofuata. Hata hivyo, bomba linaloziba mara moja kwa sababu mtoto ametumbukiza kijiko ni jambo moja, na bomba linaloziba kila mwezi bila ya kijiko wala mtoto ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni ajali. La pili ni kosa lililojengwa ndani ya nyumba, na mara nyingi kosa hilo liko mbali na pale ambapo maji yanasimama.

Ili kulielewa jambo hili, ni vyema kwanza kutazama namna bomba la majitaka linavyofanya kazi. Bomba la majisafi lina nguvu ya kusukuma, ndiyo maana maji hupanda hadi ghorofani. Bomba la majitaka halina nguvu yoyote isipokuwa mteremko na wingi wa maji yanayopita. Kwa bomba la inchi 4, ambalo ndilo hutumika vyooni, mafundi waliosomea kazi hii hutaka mteremko wa angalau sentimeta 1 kwa kila sentimeta 40 hadi 60 za urefu. Maana yake ni kwamba bomba lenye urefu wa meta 12 kutoka chooni hadi shimoni linapaswa kushuka kwa sentimeta 20 hadi 30. Mteremko ukiwa mdogo kuliko hapo, maji hupita polepole na kuviacha vitu vigumu njiani. Fundi aliyelaza bomba kwa kukadiria kwa macho, bila ya kutumia pima maji, ameipa nyumba hiyo ugonjwa utakaoisumbua miaka yote.

Ugonjwa huo huzidi pale bomba linapokatwa kona kali. Kona ya digrii 90 iliyofukiwa ardhini ni mahali pa kukusanyia takataka. Kazi hiyo hiyo ingeweza kufanywa kwa kona mbili za digrii 45, au kwa kujenga chemba pale bomba linapogeuka ili siku ya matatizo mtu afunue mfuniko na kuona. Chemba hugharimu matofali, saruji na siku moja ya kazi, hivyo ni kati ya vitu vya kwanza kupunguzwa mwenye nyumba anapobana matumizi.

Kuhusu wingi wa maji, wakazi wa Dar es Salaam wana mkasa wao wa pekee. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgao wa maji kutangazwa, watu walijifunza kuoga kwa nusu ndoo na kumwagia choo kwa kopo. Maji ya kopo huondoa uchafu machoni pa mtu, lakini hayaufikishi shimoni. Yanausogeza meta 3 au 4, kisha unakaa na kukauka. Maji yanaporejea, kinachofuata huja kukwama juu ya kilichokauka. Familia inayokaa katika mgao ingefanya vyema kukusanya maji ya kufulia na kuyamwaga chooni kwa mkupuo, ndoo nzima kwa wakati mmoja, kuliko kuyagawa kwa vikopo kutwa nzima.

Twende sasa jikoni, ambako ndiko chanzo cha matatizo mengi.

Upishi wetu wa pwani ni mtamu, lakini ni adui wa mabomba. Mafuta ya mawese na mafuta ya nyama ya ng'ombe huingia katika sinki yakiwa moto na mepesi kama maji. Yakishakutana na bomba lililopoa chini ya ardhi, huganda na kushika ukutani. Juu ya utando huo hunasa machicha ya nazi, punje za wali, magamba ya samaki, na ule mchanga au majivu yanayotumika kusugulia sufuria. Mchanganyiko huo hukauka na kuwa mgumu kama plasta. Wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini wakumbuke kwamba mwaka 2017, katika eneo la Whitechapel jijini London, lilikutwa donge la mafuta yaliyogandamana na taulo za kujifutia lenye urefu wa meta 250 na uzito wa tani 130. Kuliondoa kulichukua wiki kadhaa, na kipande chake kilipelekwa makumbusho mwaka uliofuata ili watu wakitazame.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini waya wa fundi hausaidii kwa muda mrefu. Waya hutoboa donge la mafuta kama kidole kinavyopita katika ugali. Maji hupata njia, kila mtu hufurahi, lakini ugali wenyewe umebaki palepale. Baada ya wiki chache tundu hilo hujifunga. Hapana budi donge lote liondolewe, ama kwa fimbo zenye kichwa cha kukwangulia, ama kwa mashine ya maji ya shinikizo, na baada ya hapo mafuta yazuiwe kuingia tena.

Kuyazuia si kazi ngumu. Sufuria ya mchuzi ikifutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa, nusu ya tatizo imekwisha. Machicha yana kazi nyingine, na wafugaji wa kuku mtaani huyataka. Pale ambapo jiko moja linahudumia watu wengi, au ambapo mama anakaanga maandazi na samaki kwa biashara, ijengwe chemba ndogo ya mafuta kati ya sinki na bomba kuu. Ndani yake bomba la kutokea huelekezwa chini, hivyo mafuta hubaki yakielea juu na maji hupita chini. Mafuta hayo huchotwa kila wiki na kutupwa pamoja na takataka nyingine.

Bafuni adui ni mwingine. Sabuni ya kipande ikikutana na maji ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za jiji letu yana chumvi na madini ya chokaa, hutoa utando mweupe usioyeyuka. Utando huo hushikana na nywele. Siku hizi kuna pia nyuzi za rasta, ambazo hazifanani na nywele za kuzaliwa nazo kwa sababu hazioi kamwe. Fundi wetu alipovuta waya wake mara ya 4 alitoka na kifungu cha rasta chenye urefu wa mkono, na ugomvi uliozuka barazani kuhusu mwenye rasta hizo ulidumu siku 2. Kichujio cha plastiki juu ya tundu, kinachouzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, kingetuepusha na ugomvi huo.

Chooni hakuna mjadala: nepi za kutupa, taulo za kike na vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia haviyeyuki, hata kama baadhi ya pakiti huandikwa kwamba vinaweza kutupwa humo. Ndoo yenye mfuniko iwekwe pembeni, na aliyepewa zamu ya usafi asione haya kuimwaga.

Tumrudie fundi na waya wake. Kosa lake kubwa, ambalo ni kosa letu sote tunaomwita, ni kuanzia pale maji yanapoonekana. Maji husimama nyuma ya kizuizi, na kizuizi chenyewe kinaweza kuwa meta 15 mbele. Daktari hatibu homa kwa kupangusa jasho la mgonjwa.

Uchunguzi unaofaa huanza kwa swali moja: ni sehemu ngapi zimeziba? Ikiwa ni sinki peke yake, na bafu na choo viko salama, tatizo liko karibu. Mara nyingi liko katika ule mtego wa maji uliopinda chini ya sinki, ambao hufunguliwa kwa mkono baada ya kuweka ndoo chini yake. Kazi hiyo haihitaji fundi. Kile kikombe cha mpira chenye mpini nacho hufaa hapa, mradi tundu dogo la pembeni ya sinki lizibwe kwa kitambaa, vinginevyo nguvu yote hutokea huko.

Lakini ikiwa mtu akimwaga maji jikoni yanachemka katika tundu la bafuni, au choo kinapiga kelele ya kububujika wakati mwenzake anafua, basi kizuizi kiko katika bomba kuu. Hapo waya wa bafuni ni kupoteza fedha. Zifunuliwe chemba moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo karibu na nyumba hadi ya mwisho. Chemba iliyojaa ikifuatiwa na iliyo kavu, kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Zikiwa zimejaa zote, lawama ni ya karo au ya bomba la mtaani. Zikiwa kavu zote, rudini ndani. Kwa dakika 20 mtu amekwishajua mahali pa kuchimba, na hakuna aliyelipwa.

Kipo pia kipimo cha nili, ile ya bluu inayotumika kung'arishia nguo nyeupe. Ndoo ya maji yenye nili ikimwagwa kwa mkupuo, na mtu mwingine akasimama kwenye chemba, ataona rangi inafika baada ya muda gani na inafika yote au kidogo kidogo. Rangi inayochelewa na kufika kwa kusuasua inaeleza habari ya mteremko mbaya au bomba lililojaa mafuta.

Kuhusu harufu, wengi huidhania kuwa dalili ya kuziba. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1775, fundi wa saa aliyeitwa Alexander Cumming alipata hataza nchini Uingereza kwa choo chenye bomba lililopinda, ambamo maji machache hubaki muda wote na kuzuia hewa chafu isirudi ndani. Mitego ya vyoo vyetu leo bado inafuata wazo hilohilo. Maji hayo yakinyonywa kwa sababu nyumba haina bomba la kupumulia linalopanda hadi juu ya paa, harufu huingia na mabomba huanza kugugumia. Bomba hilo la hewa ni kitu kingine kinachorukwa wakati wa ujenzi, kwa hoja kwamba halipitishi kitu.

Neno la tahadhari linahitajika hapa. Wapo mafundi wanaokuja na kostiki soda, na wengine na maji ya betri. Kostiki kidogo huweza kuyageuza mafuta kuwa sabuni, ni kweli, lakini ikimwagwa kwa wingi juu ya maji yaliyosimama huchemka na kuruka usoni, na jicho likiungua halirudi kirahisi. Asidi ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini hutoa hewa yenye sumu katika bafu lisilo na dirisha. Maji yanayotokota nayo si mazuri kwa mabomba ya plastiki, kwani hulegea na kupinda. Maji ya moto ya kuogea yanatosha. Aidha, mtu yeyote asiingie katika karo kwa sababu yoyote ile. Hewa iliyomo humo huua kabla mtu hajapiga kelele, na mara nyingi huua pia yule anayeshuka kumwokoa.

Karo lenyewe lina hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayoeleza hali ya jiji zima. Karo hufanya kazi kwa kuyapa maji muda wa kutulia: tope huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati huenda katika shimo la kufyonza. Chukua karo la lita 3,000 lililojengwa kwa ajili ya familia ya watu 6 wanaotumia lita 80 kila mmoja kwa siku. Hizo ni lita 480, hivyo maji hukaa humo zaidi ya siku 6. Sasa weka vyumba vya uani, fremu za maduka na wapangaji 22 wanaotumia lita 60 kila mmoja. Hizo ni lita 1,320, na muda wa kutulia umeshuka hadi siku 2 na ushei, kabla hata ya kutoa nafasi iliyokwishaliwa na tope. Tope husukumwa hadi katika shimo la kufyonza, ardhi huziba, na maji hurudi yalikotoka.

Hicho ndicho kilichotokea Sinza. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuviwekea barabara na maji ili wananchi wa kipato cha kawaida wajenge wenyewe. Sensa ya 1978 iliuhesabu mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu 843,090. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Viwanja ni vilevile. Kariakoo kumetokea jambo la namna hiyohiyo kwa kwenda juu: nyumba za Kiswahili zenye vyumba 6 zimetoa nafasi kwa maghorofa.

Mfumo wa mabomba ya majitaka wa umma kwa miaka mingi umehudumia takribani kaya moja tu kati ya kumi jijini. Waliobaki wanategemea mashimo, makaro na magari ya kunyonya. Mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, ina wajibu wa kisheria wa kusimamia majitaka, na Sheria ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya 2019 inazungumzia jambo hilo. Lakini hakuna mamlaka inayoweza kufika katika bomba la meta 12 lililo kati ya choo cha mpangaji na karo la mwenye nyumba. Meta hizo ni za watu binafsi, na ndizo zinazoziba.

Masika yanapoingia, siri za nyumba zote hutoka nje. Paa lenye meta 100 za mraba likinyeshewa milimeta 50 za mvua hutoa lita 5,000 za maji. Wapo walioelekeza maji hayo katika chemba za choo, kwa kuwa chemba ilikuwa karibu, na lita 5,000 haziwezi kukaa katika karo la lita 3,000. Wapo wengine ambao huisubiri mvua kubwa wafungulie makaro yao barabarani usiku, ili kukwepa gharama za gari. Majirani huwajua. Mjumbe wa shina huwajua. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingine, maofisa wa afya walipita mitaani wakihimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Ilikuwa haki yao kusema hivyo. Lakini maji yale yaliyokuwa yakipita mbele ya milango ya watu yalikuwa na wenyewe, na faini iliyomo katika sheria ndogo za manispaa haina maana ikiwa mtoza faini hafiki usiku wa mvua.

Tatizo linalobaki ni la nani alipe. Katika nyumba nyingi za kupanga, kuzibua ni mchango wa wapangaji na kujenga upya ni kazi ya mwenye nyumba. Kwa mpango huo mwenye nyumba hana haraka yoyote: kila mara bomba linapoziba, mfuko unaotoboka ni wa mwingine. Wapangaji nao hawana haki ya kuchimba ua wa mtu. Mkataba wa upangaji, ambao katika nyumba nyingi ni karatasi moja inayotaja kodi na tarehe, ungeweza kusema kwamba bomba likiziba zaidi ya mara 2 kwa mwaka mwenye nyumba atafunua na kurekebisha kwa gharama yake. Ni sentensi moja tu. Mwandishi wa makala haya hakuitaka iandikwe wakati wa kutia saini, na anakiri kosa lake.

Mara ya 9, wapangaji tulikubaliana fundi asiguse bafu. Tulifunua chemba. Ya kwanza ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Ya pili hatukuiona, na mzee mmoja aliyeishi humo tangu miaka ya 1990 ndiye aliyetuonyesha ilipo: chini ya sakafu ya fremu iliyojengwa mbele ya nyumba miaka 3 iliyopita, ambayo sasa ni duka la vipodozi. Chemba ya tatu, nje ya ukuta, ilikuwa karibu kavu. Fimbo iliyosukumwa kutoka ya kwanza iligonga kitu kigumu umbali wa meta 7, na kwa sauti yake fundi alisema ni zege, pengine lililomwagika wakati wa kujenga fremu hiyo.

Mwenye nyumba alielezwa. Alisikiliza kwa upole, akakubali kwamba sakafu haina budi kuvunjwa, akauliza kama isingewezekana kusubiri. Mpangaji wa fremu amekwishalipa kodi hadi mwisho wa Desemba.